Loice Among na Chupa Nne za Buluu

Tarehe 9 Februari 1965, siku ya Jumanne, Loice Among wa Busia alipewa mjini Tororo kibali nambari 41 cha kuvusha maziwa mabichi kutoka Kenya na kuyauza upande wa Uganda. Katika nafasi ya kazi karani aliandika "mkulima". Loice, aliyesoma hadi darasa la nne na kuyashika vizuri aliyosomeshwa, aliirudisha karatasi mezani na kumwomba aandike "muuza maziwa". Karani alilikata neno la kwanza, akaandika la pili juu yake.

Hakuwa na ng'ombe wengi. Alikuwa na mmoja, mwekundu mwenye mabaka meupe, aliyeitwa Kitale kwa sababu alitoka huko. Mumewe Patroba, Msamia, alifanya kazi miaka tisa katika shamba la Mzungu karibu na mji huo. Mzungu alipofungasha virago mwaka 1963, Patroba aliomba apewe mtamba mmoja kuwa mkono wa kwaheri, akapewa. Alimleta Busia kwa lori, na sehemu ya mwisho kwa miguu, akamkabidhi mkewe kamba, kisha akaenda Tororo kutafuta kazi katika kiwanda cha saruji. Tangu hapo Patroba alikuwa mtu wa Jumamosi na Jumapili, na Kitale alikuwa ng'ombe wa Loice.

Ng'ombe wa majirani walitoa chupa mbili, wakibembelezwa tatu. Kitale alitoa galoni mbili kwa siku, sehemu kubwa asubuhi, bila kupiga teke. Loice alikuwa Mteso, binti wa watu waliojua ng'ombe kabla ya kujua jembe, naye alijua alichopewa. Alimlisha kwa mkono. Alimwondoa kupe kwa kucha, jioni, huku akimweleza habari za mchana.

Kuhusu usafi, hakuna aliyemkuta na kosa. Alinawa mikono kwa sabuni ya mche hadi kwenye viwiko. Alifuta kiwele kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Mikamuo ya kwanza aliimwaga chini, paka akailamba. Maziwa aliyachuja kwa kitambaa cha merikani alichokichemsha kila siku, wala si kila Jumamosi kama wenzake waliokuwa na kitambaa. Mkebe wake wa alumini, wa galoni mbili, aliusugua kwa majivu, akausuuza kwa maji yaliyotokota, akauinamisha juu ya kichanja ukauke kwa jua. Binti yake Norah, aliyekuwa akisoma bweni, aliwahi kusema kuwa nyumbani kwao mkebe huoga kuliko watu. Loice hakukataa.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa konventi ya masista, maili tatu na nusu kutoka kwake, ndani ya Uganda. Jikoni alitawala Sista Goretti, mwanamke mnene wa Nagongera mwenye kicheko cha ghafla. Maziwa mengine yaliingia kwenye chai, yakachemka pamoja na majani ya chai, yakanyweka. Yaliyobaki Sista aliyafanya jibini laini, ufundi alioachiwa na sista mzee wa Kiholanzi aliyekwisha kurudi kwao. Maziwa ya jibini hayakuchemshwa. Sista mzee alikuwa amemwonya kwamba maziwa yakichemka hayagandi vizuri, na Goretti alilishika onyo hilo kama amri ya kumi na moja. Aliyatia dawa ya kugandisha, akakata mgando kwa kisu, akaufunga katika kitambaa, akautundika uchuruzike. Baada ya siku nne na chumvi kidogo, jibini ilikuwa tayari: nyeupe, nyororo, yenye uchachu mdogo. Loice alionjeshwa mara moja. Alisema ni maziwa yaliyokuwa njiani kuwa kitu kingine yakasahau kilikuwa nini. Goretti alicheka mpaka akashika meza.

Februari yote iliyobaki mambo yalikwenda hivyo. Loice alivuka mpaka saa moja asubuhi mkebe ukiwa kichwani, akafika konventini saa mbili, akanywa kikombe cha chai nje ya jikoni, akarudi. Alikuwa ameridhika, na hakuona haya kuridhika. Wako watu wanaosubiri jambo kubwa litokee ndipo wafurahi. Loice alifurahi kila mkebe ulipotoka kichwani na shingo ikajikumbuka kuwa ni yake.

Mvua zilianza juma la kwanza la Machi. Katikati ya mwezi, jibini ya Sista Goretti iliumuka.

Ilikuwa jibini ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19. Alipoifungua kitambaani aliikuta imevimba, na alipoikata ikawa na matundu mengi madogo, kama mandazi yaliyoshika hamira vizuri. Goretti hakushtuka. Aliwahi kuona katika gazeti la sista mzee picha ya jibini ya Ulaya yenye matundu, akadhani mkono wake umepanda cheo. Aliiweka mezani kwa fahari. Harufu yake ilikuwa kidogo ya zizini, lakini na jibini za Ulaya, alisikia, zina harufu zake.

Usiku ule wanovisi watatu, wasichana waliokuwa wakijifunza usista, waliharisha. Hawakuwa katika hatari. Walinyweshwa maji ya chumvi na sukari, na siku ya tatu walikuwa kwenye bustani ya kabichi wakipalilia, wakimlaumu Mtakatifu Yosefu kwa sauti ya chini. Mama Mkuu aliuliza maswali mawili tu: nani alikula jibini, na nani alikunywa chai peke yake. Wote watatu walikula jibini. Waliokunywa chai peke yake hawakuguswa na kitu. Mama Mkuu akaandika barua Tororo.

Hivyo Jumatano tarehe 24 Machi alifika Mangeni, msaidizi wa mifugo, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye soksi ndefu na kasha la mbao nyuma ya baiskeli. Ndani ya kasha mlikuwa na chupa ndogo, kipimajoto, na dawa ya buluu. Alichota maziwa ya Loice kutoka kwenye mkebe wenyewe, akaweka tone la dawa, akatikisa. Maziwa yakawa buluu kama anga. Akaizamisha chupa katika sufuria ya maji ya uvuguvugu, akaangalia saa yake. Ilikuwa saa mbili na robo.

Saa tatu kasoro dakika kumi buluu ilikuwa imetoweka.

"Umeona, Mama Norah?" alisema Mangeni.

"Nimeona yamerudi kuwa meupe."

"Hiyo ndiyo mbaya."

"Maziwa kuwa meupe ndiyo mbaya?"

Mangeni alivuta pumzi. "Ndani mna bakteria. Ni vijidudu. Wakiwa wengi wanaila hewa iliyomo, na rangi inakufa. Maziwa safi yangeshika buluu mpaka saa saba, saa nane. Haya yameshika nusu saa na ushee tu."

"Mimi nachuja kwa merikani."

"Wanapita kwenye merikani. Ni wadogo mno, huwezi kuwaona."

"Wewe umewaona?"

"Hapa? Sijawaona."

"Basi nani amewaona?"

Sista Goretti aligeukia jiko, mabega yakitikisika. Mangeni, na hilo ni sifa kwake, alitabasamu pia. Lakini alilokuwa nalo la kusema halikuwa la kuchekesha, akalisema taratibu. Uchafu wa namna ile hutoka mahali pawili: kwenye mkono wa mtu au kwenye kiwele cha ng'ombe. Mkono na vyombo vya Loice alikuwa amevikagua, na katika wilaya nzima hakuwa ameona mkebe kama ule. Kilichobaki ni kiwele. Kiwele kikishaoza kwa ndani, ng'ombe anaweza kuonekana mzima miezi mingi huku akitoa maziwa mabovu.

"Ana dawa?" Loice aliuliza.

"Ugonjwa ukiwa mpya, ndiyo. Ukiwa wa zamani, dawa ni mchinjaji."

Alimpa juma moja. Jumatano ijayo angekuja kupima tena, na kama maziwa yangeshindwa mara ya pili, angeandika kuwa ni ng'ombe. Katika juma hilo konventi ingechukua maziwa ya chai tu.

Loice alirudi nyumbani bila kunywa kikombe chake. Alimkuta Kitale chini ya kivuli cha boma, akicheua macho yakiwa nusu wazi. Alikibonyeza kiwele robo kwa robo, kama baba yake alivyomfundisha. Hakuona uvimbe, wala joto, wala mabonge katika mkamuo. Alishakubali katika maisha yake kuondokewa na vitu, lakini kila mara vilikuwa vimeonyesha dalili. Huyu alikuwa akila nyasi.

Juma lile kila alichokiosha mara moja alikiosha mara mbili. Alichemsha merikani hadi nyuzi zikaanza kulegea. Alikata kucha mpaka kwenye nyama. Patroba alipokuja Jumamosi alisimuliwa yote, akasema kwamba kule Kitale, ng'ombe wa kiwele kibovu alipelekwa nyuma ya ghala na bunduki. Alipoona uso wa mkewe aliongeza haraka kuwa wale walikuwa Wazungu, walikuwa na ng'ombe wa kupoteza.

Jumatano tarehe 31 Machi, Mangeni hakungoja konventini. Alikuwa kijana mwenye mashaka, na mashaka kwa mpimaji ni mtaji. Alilala Busia kwa ndugu yake, na alfajiri, Loice alipotoka na ndoo, alimkuta ameegemea baiskeli uani, soksi zimelowa umande.

"Hodi ya namna gani hii, Bwana Mifugo?"

"Leo nakwenda na maziwa tangu yanapozaliwa," alisema. Alitoa chupa nne alizozichemsha. "Ya kwanza, mkamulie humu moja kwa moja, isiguse kitu."

Loice alimwaga mikamuo ya kwanza, akakamulia ndani ya chupa. Chupa ya pili Mangeni aliijaza kutoka kwenye mkebe, baada ya kuchujwa. Ya tatu angeijaza mpakani, na ya nne konventini. Kila moja ilitiwa buluu papo hapo na kuandikwa saa yake, kisha ikafungwa katika blanketi lenye chupa ya maji ya moto. Loice aliangalia yote haya kama anayetazama mtu akifunga mizigo ya safari ya mtu mwingine. Alielewa kitu kimoja. Chupa ya kwanza ilikuwa Kitale mwenyewe.

Barabarani yeye alitangulia, mkebe kichwani, kitambaa cheupe juu yake. Mangeni alimfuata akisukuma baiskeli. Penye kizuizi cha mpaka, Edah alikuwa ameshapanga omena wake, dagaa wakavu wa ziwani, juu ya gunia. Edah alikuwa binamu wa Patroba, na kwa hiyo kwa Loice alikuwa mulamwa, shemeji wa utani, mwenye ruhusa ya kusema lolote mbele ya yeyote.

"Mulamwa!" alipaza sauti. "Miaka ishirini ndugu yetu yuko na wewe, hajakufuata nyuma hivi hata siku moja. Huyu wa leo nani?"

"Huyu ni Bwana Mifugo."

"Anafuata ng'ombe gani?"

Wanawake wa omena walipiga makofi. Askari wa zamu aliinua kizuizi bila kuulizwa, ili asikose kusikia.

"Anafuata maziwa," alisema Loice.

"Hata ndama hufuata maziwa, mulamwa. Mpe kidogo, soksi zake zinalia."

Mangeni alijaza chupa ya tatu akiwa ameinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa yameiva. Loice, ambaye tangu alfajiri moyo wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, alijikuta akicheka, na kwa hatua kama hamsini baada ya kizuizi hakuufikiria ubovu wa kiwele.

Hapo njia ziligawanyika. Barabara ilizunguka kwa nje. Kijia cha miguu kilikata bondeni, kikavuka kijito, kikapanda mawe hadi kwenye uzio wa misonobari wa konventi. Baiskeli haikuweza kijia. Wakakubaliana kukutana langoni.

Chupa ya nne ilitiwa buluu jikoni kwa Sista Goretti saa mbili na dakika tano. Zote nne zikawekwa katika sufuria moja ya maji ya uvuguvugu. Sista alivuta kigoda, Loice alisimama. Hakuna aliyezungumza juu ya chai.

Saa tatu kasoro robo chupa ya nne ilianza kufifia kutoka chini. Saa tatu kasoro tano ilikuwa nyeupe. Ya kwanza, ya pili na ya tatu, zilizotangulia kutiwa dawa, zilikuwa buluu kama zilivyotoka.

Mangeni alizitazama kwa zamu. Kutoka nyumbani hadi mpakani maziwa yalikuwa safi. Kutoka mpakani hadi langoni, mwendo wa saa moja, yalikuwa yameharibika kana kwamba yamekaa siku mbili juani. Katikati palikuwa na kijito. Aliuliza swali ambalo kwa muuza maziwa ni sawa na kumtukana mama yake.

"Mama Norah, uliongeza maji?"

Sista Goretti aliacha kuhesabu rozari.

"Unacho kipimo cha maji katika kasha lako," alisema Loice. Hakupandisha sauti. "Pima kwanza. Halafu urudie swali."

Mangeni alitoa kipimo, kijiti cha kioo chenye tumbo la risasi, akakiachia kielee katika maziwa yaliyobaki mkebeni. Kilisimama pale ambapo maziwa yasiyoguswa na maji hukisimamisha. Alikitoa, akakirudisha. Kikasimama palepale.

"Samahani, Mama," alisema.

"Haya."

"Lakini kitu kimeingia. Twende tupite njia yako. Fanya yote unayofanya kila siku, usiache hata moja."

Waliujaza mkebe maji ya kisimani ili uwe na uzito wake. Sista Goretti aliachwa kulinda chupa. Walishuka hadi mpakani kwa kijia, wakageuka, wakaanza upya. Edah aliwaona kwa mbali akapiga kigelegele. Loice alitembea kwa mwendo wake wa kila siku, wala haraka wala pole, mkono mmoja ukining'inia. Mangeni alitazama kila kitu: vumbi, nzi, kitambaa, jasho. Hakuona la kuandika.

Walifika kijitoni. Loice aliuteremsha mkebe juu ya jiwe, akachutama, akang'oa konzi ya majani mapana mororo yaliyoota ukingoni, akayasuuza kwenye maji, akayakung'uta mara tatu. Aliinua kitambaa akayalaza majani juu ya maji ya mkebe. Akafunika, akajitwika, akaanza kupanda.

"Mama Norah. Simama. Ni nini hayo?"

"Yapi?"

"Uliyoweka."

Loice ilimbidi afikiri. "Majani."

"Ya nini?"

"Ya maziwa, yasimwagike. Huku ni mawe, mkebe unayumba. Hata mwenye maji kichwani anaweka majani."

"Kila siku unaweka?"

"Kila siku mapya. Na ninayaosha." Alikumbuka jambo. "Juma hili nimekuwa nikiyaosha mara mbili."

"Unayaosha wapi?"

Alionyesha kwa kidevu. Mangeni aligeuka. Hatua ishirini juu ya kijito, maksai wawili walikuwa wamesimama majini hadi magotini. Mmoja aliinua mkia na kufanya haja yake bila haraka, na maji ya kahawia yakaishusha taratibu kuelekea kwenye jiwe ambalo mkebe ulikuwa umesimama. Vijiji vitatu vilinywesha mifugo hapo.

Wote wawili waliyatazama maji yakipita.

"Mbona hukuniambia habari ya majani?" Mangeni aliuliza hatimaye.

"Hukuuliza majani. Uliuliza ng'ombe, ukauliza kitambaa, ukauliza maji. Mtu akikuuliza umekula nini, unamtajia na kijiko?"

"Lakini Sista hajawahi kuyaona."

"Nayatupa penye uzio. Nitaingiaje kwa masista na majani kichwani, kama mtu atokaye kisimani?"

Mangeni aliketi kwenye jiwe akaandika. Aliuliza kwa nini basi Februari maziwa hayakuwa na kosa, na Loice akamjibu akiwa tayari ameshaelewa. Februari kilikuwa kiangazi, ukingo ulikuwa mkavu, hakukuwa na jani la maana. Wakati huo alitumia jani la mgomba kutoka nyumbani, na jani la mgomba lazima ulibabue motoni kwanza, lisipasuke. Mvua zilipoyaotesha haya mororo, aliyaona mazuri zaidi. Yalikuwa na harufu nzuri. Kwa masista alitaka kitu kizuri.

"Moto ulikuwa ukikusaidia bila wewe kujua," alisema Mangeni. "Mkebe huu hauna kifuniko?"

"Kipo. Nimekiwekea chumvi."

"Kwa nini hufuniki?"

"Maziwa yangali na joto la ng'ombe, ukiyafunika yananuka. Kila mtu anajua."

Alitarajia abishiwe. Mangeni alisema ni kweli, yananuka. Alisema ayapoze kwanza: asimamishe mkebe katika karai la maji ya kisima, ayakoroge kwa mwiko uliochemshwa hadi joto litoke, ndipo afunike, na kifuniko kikishafungwa kisifunguliwe mpaka kwa Sista. Loice aliyafikiria hayo hatua kwa hatua, akaona hakuna hata moja inayomtukana.

Walirudi konventini jua likiwa juu. Saa saba chupa tatu zilikuwa bado na rangi. Saa nane ya tatu ilififia, ikafuatwa na ya pili. Ya kwanza, iliyotoka kwenye kiwele, iliendelea peke yake katika sufuria.

"Bado kama joho la Mama Maria," alisema Sista Goretti, akiinama juu yake. "Mimi nakwambia, Mama, huyu ng'ombe wako ni mtakatifu."

"Ni mzima?" Loice alimwuliza Mangeni. Alitaka kulisikia kutoka kwake, wala si kwa mtu mwingine.

"Ni mzima. Hana kitu."

Loice alikaa kwenye kigoda cha Sista, bila kukaribishwa, akaomba chai.

Sista Goretti naye alipata mafunzo yake alasiri hiyo. Matundu ya jibini, Mangeni alimweleza, hayakuwa cheo. Yalikuwa hewa ya wale vijidudu wakila na kupumua ndani ya mgando. Kwa jibini ya wanovisi ayapashe maziwa polepole hadi alama aliyomwekea kwenye kipimajoto, ayaweke hapo nusu saa bila kuyaacha yatokote, kisha ayapoze. Yangeganda tu. Goretti aliuliza mara tatu kama kweli yataganda, na mara ya tatu Mangeni alimwachia kipimajoto chenyewe kama rehani ya neno lake.

Alhamisi Loice alipita kijitoni na mkebe uliofunikwa. Penye mawe ulimyumbia kidogo, maziwa yakagonga kifuniko kwa ndani, lakini halikutoka hata tone. Mkono wake, alisema baadaye, ulishuka wenyewe kutafuta majani, akauita kama unavyomwita mtoto. Mangeni alitia buluu saa mbili na robo. Saa saba na nusu ilikuwa bado ipo, akafunga kasha.

Ripoti aliyoipeleka Tororo ilikuwa na mistari minne. Penye "ng'ombe" aliandika: hana kosa. Penye "chanzo cha uchafu" aliandika neno moja, majani, na mkubwa wake akairudisha akitaka maelezo, kwa kuwa alidhani ni habari ya malisho. Edah alihitaji maelezo marefu zaidi. Alipoyapata yote alitangaza penye omena kwamba shemeji yake amepimwa kwa buluu na kuonekana safi kuliko kijito cha nchi mbili, na kwamba yeye Edah alikuwa akilijua hilo siku zote bila chupa.

"Ulijua lini?" Loice alimwuliza.

"Mulamwa, mtu anayeosha majani! Sisi hata samaki hatuoshi."

Jumatatu tarehe 5 Aprili Loice alianza tena kupeleka maziwa ya jibini konventini, galoni moja na nusu kila asubuhi, na Jumatano ya juma lililofuata Sista Goretti aligandisha jibini ya Pasaka.